Namba Kumi na Moja ya Haji Jabiri

Wallahi, haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Sikuyaokota kijiweni wala sikuyaota baada ya kushiba makande. Mwenye wasiwasi aende Kibaha akaulize, au afike Marui kule Kisarawe, watu wapo na midomo wanayo. Na nikikutwa na uongo humu ndani, hata wa ukubwa wa punje ya ufuta, saa hii niliyovaa naivua mkononi namkabidhi aliyenikamata. Nimekiweka kiapo hiki juu kabisa, kila mtu akione.

Basi. Asubuhi ile Mkaguzi wa Polisi Sikudhani Matano alifika kazini akiwa amekwisha kuchoka. Magoti yalimuuma tangu alipoteremka kitandani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, mpelelezi wa miaka mingi katika kituo kimoja cha pale Kibaha, na viatu vyake vyeusi vilikuwa vimevimba mahali pale pale palipovimba vidole vyake. Alikwenda moja kwa moja mahabusu ya wanawake, maana alijua huko kuna chai ambayo haijanywewa.

Chai ilikuwepo, imepoa, nzi kaanguka ndani. Bi Mwanamkuu alikuwa amekaa sakafuni, kanga kajifunika hadi kichwani.

"Shikamoo, Bi Mwanamkuu."

"Marahaba, mwanangu. Hajira kafariki."

"Hajira yupi?"

"Hajira wa Marui, shoga yangu. Tulitolewa mwali siku moja mimi na yeye. Binti yake Naila kapiga simu hapa alfajiri, askari wa zamu kaniletea habari dirishani. Wanazika baada ya alasiri."

Sikudhani alijishusha taratibu akakaa kwenye kizingiti, goti likalia kama mlango. "Pole sana, mama."

"Nishapoa. Kilichobaki ni kimoja. Aliusia nimwoshe mimi. Na mimi niliusia anioshe yeye. Tulikuwa tunasubiriana tu nani atangulie."

"Na huko nyumbani wanasemaje?"

"Naila ananitaka. Lakini kaka wa marehemu, Mfaume, kasema mwizi haoshi mtu kwao. Ametuma mtu Kisarawe mjini kutafuta mwoshaji mwingine."

Sikudhani alikuwa Mzaramo, hakuhitaji kuelezwa. Bi Mwanamkuu alikuwa mpishi wa Haji Jabiri siku za kazi, lakini kwao Marui alikuwa mwosha maiti. Mwosha maiti huingia nyuma ya pazia, na marehemu ana hereni zake, ana bangili, ana pete imekaza kidoleni tangu ndoa. Mwoshaji huzivua kwa mkono wake, akazifunga kwenye kitambaa, akawapa wenyewe. Hakuna anayemkagua akitoka. Siku watakapoanza kumkagua, kazi imekwisha, na heshima imekwisha.

"Unaweza kunitoa hapa kwa dhamana," alisema Bi Mwanamkuu. "Najua. Lakini ukinitoa na jina hili, umenitoa niende wapi?"

"Nipe mpaka adhuhuri," alisema Sikudhani, akajutia pale pale, maana alikuwa hana kitu mkononi.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Haji Jabiri Pazi, mtu mzito wa pale Kibaha, aliyewahi kufanya biashara ya kutoa mizigo bandarini, alikuwa mkusanyaji wa saa. Si saa za kununua njiani ukichelewa miadi. Saa za toleo maalumu, zinazotengenezwa chache halafu mtambo unazimwa, mwenye nayo anayo na asiye nayo atakufa hana. Kubwa yao ilikuwa Montarel ya dhahabu. Zilitengenezwa ishirini tu duniani, na mgongoni mwa ile ya Haji ilichongwa namba kumi na moja. Katika maelezo yake polisi, Haji alisema aliivaa siku ya hitma ya marehemu baba yake. Wakati wa kutia udhu wa adhuhuri akaivua, akaiweka kwenye ukingo wa bomba la uani, karibu na sabuni. Alipomaliza kuosha miguu, saa haipo. Aliyekuwa karibu ni mpishi, anateka maji.

Vijana wa kituo walimpekua bibi wa watu wakakuta saa kwenye mkoba wake. Walishangilia mno. Kisha mmoja akaigeuza, akaona mkanda umeshonwa kwa uzi wa gunia. Ilikuwa saa ya marehemu mumewe, ya chuma, imesimama zamani. Wakaacha kushangilia, lakini hawakumwachia.

"Jalada liende kwa mwendesha mashtaka leo," alisema mkuu wake asubuhi ile, bila kuinua macho kwenye simu. "Saa imepotea, mama alikuwepo. Unataka nini tena, Sikudhani?"

"Nataka saa, afande."

"Saa ilishauzwa Kariakoo."

"Basi nipe gari nikahakikishe haikuuzwa."

Akapewa gari, na Konstebo Ambokile wa kuliendesha, kijana wa Mbeya aliyeoa karibuni na ambaye hakuacha kuichezea pete yake ya ndoa hata kwenye kona.

Nyumba ya Haji Jabiri unaisikia kabla hujaiona vizuri. Ukivua viatu barazani tu, sauti inakupokea: tik, tik, tik, saa za ukutani, za mezani, za kwenye makabati, kila moja na mwendo wake, kama wadudu wa masika. Sebuleni kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake saa za mkononi zimevikwa kwenye vimashine vidogo vinavyozunguka polepole.

"Hizi zinajitia ufunguo kwa kutikisika mkononi," alieleza Haji, mwembamba, kanzu nyeupe pe, ndevu zimechanwa. "Ukiiacha tu, inasimama. Mimi saa iliyosimama siiwezi, Afande. Naona kama nina maiti ndani ya nyumba."

"Na ile pale?"

Sikudhani alionyesha kwa kidevu. Ukutani, mahali pa heshima, juu ya picha ya mzee mwenye tarbushi, ilitundikwa saa kubwa ya kizamani ya sanduku la mbao, yenye mlango wa kioo cha kiza na ule mkia wa shaba wa kupunga. Mishale imelala. Mkia haupungi.

"Ya marehemu baba," alisema Haji. "Uzee. Ina mambo yake." Akasogea kati ya Sikudhani na ukuta. "Karibu kahawa."

Sikudhani akaketi, si kwa sababu ya kahawa bali kwa sababu ya magoti. Haji akamiminia kwa mkono wa kulia, na kwenye kidole chake kidogo ikang'aa pete ya fedha yenye jiwe jekundu la akiki.

"Nirudishie kidogo, Haji. Siku ya hitma."

"Nimeshaandikisha."

"Mimi mzito wa kusoma. Nieleze."

Akaeleza. Neno kwa neno, kama lilivyo kwenye jalada, hadi ile sabuni. Sikudhani alisikiliza huku akitazama kahawa yake. Katika kazi yake amewasikia watu wengi wakisema kweli, na hakuna hata mmoja aliyesema kweli mara mbili kwa maneno yale yale.

"Mbali na Bi Mwanamkuu, nani mwingine alijua thamani yake?"

Haji alivuta ndevu. "Sipendi kusingizia mtu."

"Usisingizie. Nitajie tu."

"Kuna Yahya wa Soga. Naye ni mkusanyaji, mdogo mdogo. Miaka yote anaililia hiyo saa. Alikuja kwenye hitma, akala, akaondoka mapema kama anafukuzwa. Huenda huyo mama alitumwa tu. Na Jumamosi nina wageni, wakusanyaji wenzangu kutoka Dar, wanakuja kuiona. Sasa watakuja kuona nini?"

"Watakuja kuona kabati," alisema Sikudhani, akajivuta kusimama.

Njia ya Soga ilikuwa imenyeshewa. Sikudhani aliegemeza kichwa kwenye kioo cha gari, macho kayafumba. Alichokuwa nacho kilikuwa kidogo: hadithi iliyokaririwa, na saa moja ya ukutani iliyokatazwa kutazamwa.

"Afande," alisema Ambokile, "hii pete yangu mke wangu kaninunulia dhahabu ya kweli. Imam wa pale mtaani kwetu juzi kaniona, akaniambia bahati yako wewe si mtoto wangu."

"Hmm."

"Nikamuuliza kwa nini. Akasema dhahabu ni pambo la wanawake, mwanaume wa Kiislamu haivai."

Sikudhani akafumbua macho. Akatazama mikorosho inapita.

"Ambokile."

"Afande."

"Endesha. Usiongee tena, usije ukaniharibia."

Yahya wa Soga walimkuta nyumbani kwake, si mbali na stesheni ya treni mpya, anapalilia mihogo na redio kaitundika mtini. Mzee mcheshi, tumbo mbele, na mkononi saa ya chuma yenye kioo kilichokwaruzika.

"Polisi!" alisema. "Jabiri kanitaja, eh? Nilijua atanitaja. Hodi hamkupiga lakini karibuni."

"Ulikuwepo kwenye hitma."

"Nilikuwepo. Nilikaa ubavuni kwake. Sheikh Mwinyimadi kulia kwake, mimi kushoto."

"Uliondoka mapema."

"Treni, mama. Treni hii haina uswahili, ikifika wakati wake imeondoka."

"Alivaa saa gani siku ile?"

Yahya akaacha jembe. Uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyeulizwa jambo analolipenda. "Afande, mimi ni mkusanyaji. Mtu akinipa mkono, sitazami uso kwanza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu. Mtupu kabisa, na alama nyeupe ya mkanda. Nikasikitika, maana hata zile za chuma huwa anavaa."

"Anasema alivaa Montarel."

"Ya dhahabu?" Yahya alicheka mpaka akajishika kiuno. "Hitmani? Kwa Sheikh Mwinyimadi? Yule sheikh alimvua bwana harusi mkufu mbele ya wakwe! Mama, Haji angekuja pale na dhahabu mkononi, hiyo hitma isingesomwa. Tungekuwa tunaizungumza mpaka leo. Jabiri huwa haivai ile, hata chumbani kwake haivai. Anaitazama."

Sikudhani akashusha pumzi ndefu. Alikuwa amefika hapo peke yake tangu njiani, lakini kufika peke yake hakutoshi, lazima apatikane mtu wa kukuambia umefika. Aliiona sasa akili ya Haji ilivyokwenda. Bombani ndipo watu wa huku wanaposahau saa zao. Kila msikiti una kijisanduku cha saa zisizo na wenyewe. Ukitaka saa yako ipotee bila mtu kushangaa, ipotezee kwenye udhu. Uongo mzuri, wa kienyeji, unaomkaa kila mwanaume wa Pwani. Haji aliuvaa bila kukumbuka kwamba saa yake ni ya dhahabu, na kwamba mwenyewe pete anavaa ya fedha.

"Kwa nini mtu aipoteze saa yake mwenyewe, Mzee Yahya?"

Yahya akakuna shingo. "Sasa hapo ndipo pananiuma. Nadhani ni mimi."

"Wewe?"

"Kabla ya hitma nilimtumia picha. Kuna bwana mmoja wa Nairobi, mkusanyaji mkubwa, kaonyesha Montarel yake mtandaoni, mbele na mgongo. Namba kumi na moja." Akainua kidole. "Namba moja haiwi ya saa mbili. Mmoja wao kauziwa ya bandia. Nilimwandikia kwa utani: Haji, hebu yako ifunguliwe na fundi tujue ndugu yake ni nani. Hakunijibu. Na wale wageni wa Jumamosi, mmoja wao ni fundi."

"Ungefanyaje wewe, ingekuwa yako?"

"Ningelia. Halafu ningeivaa kwenda shamba. Lakini mimi si Haji Jabiri. Miaka yote anatuita hapo sebuleni, anatusimamisha mbele ya kabati kama watoto wa shule."

Simu ya Sikudhani ikaita. Alikuwa Naila, sauti imekauka. "Shikamoo, Afande. Kituoni wamenipa namba yako. Yule mwoshaji wa Kisarawe kapatikana, yuko njiani. Mjomba hataki kusikia lolote. Mimi nimekaa mlangoni kwa mama, nimewaambia asiingie mtu. Lakini sitaweza kukaa hapa mpaka alasiri."

"Kaa," alisema Sikudhani. "Hata wakikukanyaga."

Walirudi Kibaha kwa kasi ambayo Ambokile aliifurahia peke yake. Sikudhani alipitia kituoni, akamtoa Bi Mwanamkuu mahabusu kwa saini yake mwenyewe, akampandisha nyuma ya gari bila kumweleza kitu, akaenda naye kwa Haji. Alimwacha garini. Ndani akaingia peke yake, mara hii bila kusubiri kukaribishwa kahawa.

"Haji, swali moja, kisha sitakusumbua. Kwenye hitma ulikaa karibu na nani?"

"Sheikh Mwinyimadi. Kulia kwangu."

"Alisemaje kuhusu saa yako?"

"Saa ipi?"

"Uliyoivaa. Dhahabu tupu, na Sheikh kakaa goti kwa goti na wewe."

Haji akafungua mdomo. Saa zote za nyumba ile zikaendelea kuzungumza.

"Labda hakuiona."

"Sheikh Mwinyimadi?"

"Ilifunikwa na mkono wa kanzu."

"Na Yahya naye? Yahya alitazama mkono wako kabla ya uso. Anasema ulikuwa mtupu. Na hiyo pete yako, Haji, kwa nini ni ya fedha?"

Haji aliitazama pete kana kwamba imemsaliti. Sikudhani hakumngoja. Alikwenda ukutani, akavuta kiti, akapanda, goti likalalamika, akaufungua mlango wa kioo wa ile saa ya kizamani.

"Usiiguse!" alisema Haji. "Ni ya baba yangu!"

"Mwanaume asiyeweza kuvumilia saa iliyosimama, akaiacha ya baba yake ikafa mahali pa heshima," alisema Sikudhani, mkono ndani ya sanduku. "Nilisema moyoni, hii haikusimama. Hii imesimamishwa."

Nyuma ya ule mkia wa shaba kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe, kizito. Alikifungua pale pale juu ya kiti. Montarel ilikuwa nzuri, lazima tuseme. Nyuma, kwa herufi ndogo: kumi na moja ya ishirini.

Haji aliketi chini, juu ya zulia, mtu mzima na kanzu yake.

"Sikukusudia afungwe mtu," alisema. "Nilitaka ipotee tu. Ipotee, watu wanipe pole, yaishe. Nyie ndio mlioniuliza nani alikuwa karibu na bomba."

"Na ukamtaja."

"Alikuwepo!"

"Miaka mingapi kakupikia?"

Haji akakunja pembe ya zulia.

"Ni ya bandia?" aliuliza Sikudhani, akishuka.

"Sijui. Na sitaki kujua. Ndiyo maana." Akainua macho. "Afande, nafuta malalamiko. Naandika sasa hivi. Tuyamalize hapa hapa, kiutu uzima."

"Utaandika. Na kesho utakuja kituoni tuzungumze habari ya kudanganya polisi. Lakini leo vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Msibani. Marui kuna watu wanamwita mpishi wako mwizi, na mimi sina sauti ya kuwanyamazisha. Wewe unayo."

Haji alipoona nani amekaa nyuma ya gari, alisita mlangoni. Bi Mwanamkuu akasogea kumpisha. "Ingia, Haji. Jua linakwenda." Gari likaondoka kuelekea mikorosho ya Kisarawe.

Sasa, njia ya Marui wakati wa mvua ni ya kuombewa dua. Kwenye bonde moja gari lilizama, magurudumu ya nyuma yakawa yanarusha tope hewani bila kusogea. Ambokile alipiga gia zote anazozijua. Jua linashuka. Hapo ndipo lilipotokea kundi la ng'ombe linavuka, na ndani yake fahali mmoja mweusi mwenye nundu kama gunia la mkaa. Ambokile akapiga honi. Fahali akachukia. Akarudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa, akaja mbio, akalitia gari kichwa kwa nyuma. Gari likaruka. Liliruka, nakwambieni, likapita juu ya tope lote, likatua ng'ambo kwa magurudumu yote manne, injini inanguruma, na Haji kila kitu chake kiko salama. Fahali akapiga chafya akaenda zake.

Walifika Marui adhana ya alasiri bado. Turubai limefungwa, wanaume wamekaa mikekani, na mbele yao Mfaume, kaka wa marehemu, mzee mrefu aliyekauka kama mpini. Kwenye mlango wa nyumba alikaa Naila, mgongo kwenye fremu ya mlango, miguu kaikita ng'ambo. Mbele yake alisimama mwanamke mgeni ameshika kikapu cha kafuri, hajui pa kukaa.

Mfaume alimwona Bi Mwanamkuu anashuka, akasimama. "Huyo haingii."

"Shikamoo, mzee," alisema Sikudhani.

"Marahaba. Huyo haingii. Na wewe mwanangu na sare yako, hapa si kituoni."

"Sisemi mimi. Mgeni wako huyu ndiye mwenye neno."

Watu wakamtazama Haji Jabiri. Wengine walimfahamu, mtu wa Kibaha, mtu wa makabati ya kioo. Alisimama mbele ya mikeka, kanzu ile nyeupe imejaa tope mpaka kifuani, mikono inaning'inia.

"Saa haikuibwa," alisema.

"Paza," alisema Mfaume.

"Saa yangu haikuibwa! Niliificha mwenyewe. Huyu mama hakuigusa. Nilimsingizia, na nimekuja kumwomba radhi mbele yenu, na mbele ya huyu marehemu."

Kisha mzee mmoja wa nyuma akauliza, kwa udadisi wa kweli, "Uliificha wapi?" na mwenzake akamkanyaga mguu.

Mfaume alimtazama Haji kwa muda mrefu. Alikaa chini, akatazama mkeka. "Sasa mimi nifanye nini? Neno nimeshalisema mbele ya watu."

Aliyejibu ni Naila. Aliondoa miguu mlangoni, akasimama. Huko ndani, wakati wote huo, wanawake walikuwa wakimwambia amvue mama yake vitu mapema, vifungwe, vihesabiwe, ili mwoshaji yeyote atakayeingia asitie watu shaka.

"Bi Mwanamkuu," alisema, "mama yuko kama alivyolala. Hereni zake anazo. Bangili anazo. Pete ya baba anayo. Sikumvua kitu, wala sikuruhusu avuliwe. Nimekuachia wewe."

Bi Mwanamkuu alipitisha kanga mabegani, akainama akapita mlangoni, miguu mitupu, na pazia likarudi nyuma yake. Yule mwoshaji mgeni akaangalia kikapu chake, akamfuata, akasikika akiuliza taratibu, "Nikushikie maji, dada?"

Sikudhani alibaki nje. Alitafuta mahali pa kukaa, akapata gogo. Kutoka ndani ikaja sauti ya maji yanamiminwa polepole, kata kwa kata. Alifumba macho, na kwa mara ya kwanza siku ile magoti yake hayakusema kitu.

Hapo hadithi ilikuwa imekwisha. Nikaifunga kwa pini, nikampelekea Bi Sikudhani mwenyewe aisome. Siku hizi kastaafu kama mimi, anafuga kuku nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alivaa miwani, akasoma yote bila kucheka mahali pa kucheka. Akarudi nyuma kurasa mbili, akaweka kidole.

"Nani kalisukuma hili gari?"

"Fahali. Imeandikwa hapo."

"Gari likaruka, likatua pakavu. Hakuna aliyeshuka."

"Hakuna."

"Basi nieleze. Umeandika hapa Haji alisimama mbele ya watu na tope mpaka kifuani. Tope alilipata wapi, kwenye kiti? Na hapa umeandika Mwanamkuu kaingia miguu mitupu. Kandambili zake ziko wapi?"

Nikatazama paa.

"Hata nisingekuwepo ningekukamata," alisema. "Hapakuwa na fahali. Tulishuka tukasukuma sisi. Mimi kulia, Mwanamkuu kushoto, Haji katikati na kanzu yake, bega kwa bega na mtu aliyemweka ndani. Mwanamkuu ndiye aliyekuwa akihesabu, moja, mbili, harambee, na Haji anaitikia. Kandambili za bibi zilimezwa na tope mpaka leo. Hilo ndilo jambo lililotokea siku ile, na wewe umelitoa ukaweka ng'ombe."

Akanyoosha kiganja, akakiacha hewani kama askari anayedai leseni. Nikaivua saa, nikamwekea. Akaipeleka sikioni. Akaitikisa. Akaipeleka tena sikioni.

"Hii haitembei."

"Rudi ukasome kiapo," nikamwambia. "Niliapa kuitoa. Sikuapa kwamba inatembea."

Aliifunga mkononi mwake hivyo hivyo, akaenda kuwatupia kuku mahindi, na kila mpita njia akimuuliza ni saa ngapi, ananielekeza mimi.